Jina Lile la Msichana wa Pili

Katika kumbukumbu hizi hakuna jina hata moja la mtu, na sababu si aibu wala usalama. Kwetu Wanande jina halikusaidii sana kumpata mtu. Mtoto hupewa jina kufuatana na nafasi yake ya kuzaliwa: mvulana wa kwanza ana lake, wa pili ana lake, msichana wa kwanza ana lake, wa pili ana lake, hivyo hivyo mpaka mama achoke. Ukisimama katikati ya soko la Butembo ukaliita jina la msichana wa pili, watageuka wauza vitunguu, mtawa mmoja, mwalimu, na mtoto aliyefungwa mgongoni mwa mtu. Halafu mama yeyote huitwa Mama wa fulani, na fulani huyo ni mzaliwa wake wa kwanza. Kwa hiyo nusu ya akina mama wa mji wana jina moja na nusu nyingine wana lile lingine, kutegemea walianza na mvulana au msichana. Tumezoea. Tunaongeza tu: yule mrefu, yule wa cherehani, yule aliyegombana na padri.

Wakati ninaoukumbuka ulikuwa wa vita. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na licence, yaani shahada, ya maendeleo ya vijijini, katika miaka ambayo vijiji vyenyewe vilikuwa njiani vikikimbia na magodoro kichwani. Kinshasa ilikuwa mahali pa redioni tu. Beni kulikuwa na waasi walioanzisha serikali yao, yenye mawaziri, na kila waziri alikuwa na jeep ingawa hakuna aliyekuwa na barabara. Kazi haikuwapo. Nilikaa kwa wazazi wangu Butembo nikifanya kitu pekee ninachokiweza bila vifaa, yaani kuwa na wasiwasi. Nilikuwa na wasiwasi kuhusu vita, kuhusu paa, kuhusu kama mke wa mchungaji jirani alikasirika siku ile nilipomsalimia nikiwa na muhogo mdomoni. Mama yangu alipochoka kuniona dirishani alisema, "Weye, nenda kwa benzako bale ba sala. Ata kama hautasaidia mutu, utatoka mu nyumba yangu."

Wenzangu wa sala walikuwa kikundi cha wanafunzi Wakristo. Tulikuwa Wakatoliki na Waprotestanti pamoja, jambo ambalo viongozi wa pande zote mbili walilisifu sana, kwa mbali. Kila Jumamosi tulipika uji kwa watoto waliokimbia vita, tukawaogesha, tukawafundisha nyimbo ambazo hawakuziomba. Waliopotezana na wazazi tuliwatafutia familia za kukaa nazo. Mwenyekiti wetu, ambaye wote tulimwita Président, alisomea theolojia na alikuwa mlinzi wa mali kubwa ya kikundi: kipaza sauti cha mkononi. Alikitumia hata chumbani. Alikitumia kuniomba chumvi. Mimi, kwa kuwa nilikuwa peke yangu nisiyekuwa na mitihani, nilipewa kazi ya kutafuta ndugu za watoto, na tangu hapo wakaniita Dada Chargée, dada mwenye dhamana.

Lazima nieleze tulivyofanya maamuzi. Katika kikundi chetu kugombana kulikatazwa, maana sisi ni ndugu katika Bwana. Kwa hiyo tuligombana katika sala. Macho yamefumbwa, mikono juu, mmoja anaanza: "Ee Baba, wewe uonaye yote, uliiona sabuni ya watoto ilivyokwenda kufua suruali ya mtu fulani." Kisha kutoka kona nyingine: "Ee Baba, wewe uchunguzaye mioyo, unajua suruali ile ilikuwa ya kwaya." Anayewahi kusema Amina ndiye mshindi, kwa sababu baada ya Amina haikuruhusiwa kurudi nyuma. Sisi Wakatoliki tulishindwa kila mara. Sala zetu zimekwisha kuandikwa, na hakuna hata moja yenye nafasi ya kuingiza suruali.

Msichana mwenyewe alifika na watu waliokimbia kutoka upande wa Mabalako. Familia moja ilimwokota njiani akitembea peke yake katikati ya umati, ikampandisha nayo kwenye lori mpaka Butembo. Wao walikuwa wanaendelea kwa ndugu zao huko Kipese na hawakuweza kumchukua, basi wakatuachia siku ya uji. Alikuwa na miaka kama sita. Alionja uji wetu, akaweka kikombe chini, akasema, "Uji hii inagonjwa." Président akamweleza kwamba kuna watoto wengi wasio na uji. Akajibu, "Muwapelekee hii."

Akaja kukaa kwetu. Alilala kitandani kwangu na kunipiga mateke ya kisayansi, kila moja mahali pake. Mama yangu alimpenda kwa sababu alikuwa na maoni kuhusu kila kitu, kama yeye, na baada ya muda mfupi walikuwa wanasengenya majirani pamoja. Lakini kila asubuhi, kabla hajanawa uso, aliniuliza kwa sauti ya mkaguzi wa shule:

"Mumeshamuona?"

Alikuwa anamsema mama yake. Hakulia. Aliuliza tu, akasikiliza jibu, akaenda kunawa. Ningependa alie. Mtoto anayelia najua la kufanya naye: nalia naye.

Alichokijua kuhusu kwao ni hiki. Yeye alikuwa msichana wa pili, na jina lake ndilo lile la msichana wa pili. Mama yake alikuwa Mama wa mvulana wa kwanza. Baba yake alikuwa na jina la mvulana wa tatu, alikwenda Manguredjipa kutafuta dhahabu na hakurudi. Kijiji chao kilikuwa "pa mashamba, karibu na mto." Nilimuuliza mto gani. Alinitazama kama mtu anayeulizwa anga gani. "Mto," akasema.

Basi tukatangaza. Président alituma tangazo kwenye redio ya Beni na kwenye parokia na makanisa ya huko: ametokea mtoto wa kike, jina lake hili, mama yake hili, baba yake hili, upande wa Mabalako, aliye mzazi wake ajitokeze. Sisi tulioliandaa tangazo hilo sote tulikuwa Wanande, tuliosoma, wenye majina hayo hayo. Katika mkutano ule walikuwemo wasichana wa pili watatu, na Président mwenyewe alikuwa mvulana wa tatu, kama baba wa mtoto. Hakuna aliyecheka. Jina ulilolizoea tangu utotoni unaliona limetosha, maana limekutosha wewe.

Haukupita muda dereva mmoja wa lori akatuletea ujumbe. Kuna mama Beni amesikia redioni. Jina la mtoto ni lenyewe, lake ni lenyewe, la mume ni lenyewe, na walitoka Mabalako. Anasema ni wake, aletwe upesi.

"Muujiza!" Président akasema kwa kipaza sauti. Tulikuwa watu wachache ndani ya chumba kidogo, na mmoja akajishika sikio.

Mimi nikaanza kufikiri, jambo ambalo kwangu halina breki. Nilikuwa nimesoma kozi ya takwimu na nikaifaulu, kozi pekee iliyowahi kunitisha na kunifariji kwa pamoja. Nikasema hivi: akina mama wangapi wa Mabalako wana mvulana wa kwanza? Wangapi kati yao wana msichana wa pili? Wangapi wameolewa na mvulana wa tatu? Tena vita vimewatawanya wote kwa mpigo. Je, kama si yeye? Wenzangu walinisikiliza kwa huruma, kwa sababu wiki iliyotangulia nilikuwa nimewauliza kama majivu ya mkaa wetu hayawezi kuwapofusha watoto, na kabla ya hapo kama gitaa halivutii radi. Mtu anayeogopa kila kitu siku moja ataogopa kitu cha kweli, lakini hakuna atakayetambua kuwa siku hiyo imefika.

Ikaamuliwa katika sala, kama kawaida. "Ee Baba," Président aliomba, "ondoa kati yetu roho ya mashaka, hasa kwa wale waliosoma statistiques." Nilifumbua mdomo kujibu, nikakuta ndani yake Salamu Maria tu. Akasema Amina.

Nyumbani mama yangu alikuwa anamsuka mtoto nywele kwa ajili ya safari. "Huyo mama ya Beni," aliniuliza, "ni nani kati yenu amemuona na macho?"

"Hakuna. Lakini majina yanalingana."

"Yangu pia inalingana," mama akasema, na ni kweli ililingana, maana alianza na mvulana. "Mais," akaongeza kwa lakini ya Kifaransa, "mimi sijaomba mutoto." Akavuta msuko mpaka nyusi za mtoto zikapanda.

Tulikwenda watatu na mtoto: Président, mpiga gitaa wetu, na mimi. Tulikaa juu ya magunia ya maharagwe kwenye lori. Kutoka Butembo kwenda Beni si mbali kama wewe ni ndege. Msimu wa mvua, kwa lori, barabara ile ilikuwa na mashimo ambayo watu walikuwa wanayajua kwa tabia zake. Tuliondoka na masweta ya baridi ya Butembo, na tulivyozidi kushuka tukawa tunayavua moja moja. Mpiga gitaa alipiga nyimbo za sifa mpaka waya mmoja ukakatika, na abiria wengine wakamshukuru Mungu kwa mara ya kwanza.

Mtoto alikaa mapajani mwangu. Tulipopita Maboya aliniuliza, bila kugeuka, "Yaya, na kama haiko yeye?" Yaya kwetu ni dada mkubwa.

Nilikuwa na majibu mengi. Nilikuwa nimeyaandaa kwa wiki nzima, yenye sehemu na vifungu. "Kama haiko yeye, tutarudi pamoja," nikasema.

"Unaapa?"

"Biblia hairuhusu kuapa," Président akadakia.

"Naapa," nikasema.

Kwenye kizuizi tukasimamishwa na askari. Mmoja alikuwa amejifunga kitambaa kuzunguka taya, kama maiti anayetayarishwa, na jicho moja lilikuwa limevimba kwa maumivu. Président akainuka juu ya magunia na kipaza sauti: "Sisi ni watumishi wa Mungu!"

"Shuka na hiyo kintu," askari akasema.

Président akashuka. Tulidhani kipaza sauti kimekwenda, na nakiri nilihisi nafuu. Lakini askari alifungua kitambaa, akaonyesha jino lake la nyuma, akasema kwa Kilingala, "Sambela." Alikuwa anataka aombewe. Président akaweka mkono kwenye lile taya, akaomba kwa nguvu, akafunga magonjwa yote ya kinywa kwa jina la Bwana, akasema Amina. Askari akaligusa jino kwa ulimi, polepole, kama mtu anayejaribu tope kwa mguu. Akatikisa kichwa.

"Lisusu," akasema. Tena.

Président akaomba tena, safari hii akawaingiza manabii. Askari akagusa. "Lisusu." Dereva wetu aliweka paji la uso kwenye usukani. Maombi ya tatu yalifika mpaka Ufunuo, na jino halikuelewa kitu. Ndipo mtoto akasimama juu ya maharagwe, akasema kwa sauti yake ya mkaguzi:

"Mumuambie aing'oe!"

Askari wenzake wakaangua kicheko. Mwenye jino naye akacheka, kicheko kikamuuma, akalaani, akacheka tena, akatupungia mkono tuondoke kabla hatujamuua. Président akarudi juu ya magunia. Njia nzima iliyobaki alikuwa anajiuliza, nadhani, kama alikosea nabii.

Mama wa Beni alikuwa anakaa katika nyumba ya udongo nyuma ya kanisa dogo. Uwanja ulikuwa umefagiwa mpaka unang'aa. Alikuwa ameazima viti, amepika ndizi na maharagwe, amevaa kitenge chake kizuri. Alitoka mbio kabla hatujafika mlangoni, akamkumbatia mtoto, akamwinua, akamfunika na mikono yake yote miwili. Président akainua kipaza sauti kwa ajili ya utukufu.

Mtoto alikaa ndani ya mikono ile wima kama ufagio. Juu ya bega la mama yule akanitafuta kwa macho.

"Haiko yeye," akaniambia.

Hapa nilikuwa nimefika mahali ambapo nilikuwa nimekwisha kufika mara nyingi kichwani, na nilikuwa sijui la kufanya hata kidogo.

"Ni mshtuko," Président alininong'oneza. "Vita. Watoto wanasahau sura. Tuombe kwanza."

Tukaingia ndani, tukashikana mikono, wakafumba macho. Président akaanza kumshukuru Bwana kwa kuwaunganisha waliotenganishwa. Mimi sifumbi macho wakati wa sala. Si uasi, ni woga tu: mtu lazima atazame mlango. Kwa hiyo niliona kwamba watu watatu chumbani mle walikuwa wazi macho, mimi na wao wawili. Mama alikuwa amempakata mtoto. Sauti ya Président ilikuwa kubwa, nao wakaongea chini yake kama watu wanaoongea chini ya mvua.

"Weye haiko mama yangu," mtoto akasema.

"Minajua."

"Sasa juu ya nini unanikamata?"

"Ngoja kidogo," mama akasema. "Kidogo tu."

Mtoto akafikiri. Kisha akaegemeza kichwa chake kwenye kifua cha mama yule na kungoja, jinsi mtu mwenye adabu anavyongoja kwenye ofisi. Président aliomba muda mrefu siku ile, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimtakia aendelee.

"Amina," akasema.

"Huyu haiko mutoto yangu," mama akasema.

Président akabaki na mikono hewani. Baada ya Amina haturudi nyuma. Kupingwa baada yake lilikuwa jambo ambalo alikuwa hajawahi kutendewa. "Mais jina," akasema. "Jina ni yenyewe, mama. Na ya kwako, na ya bwana yako..."

"Jina ni yake. Ni ya wangu vilevile. Wangu ni mukubwa kidogo, na haiko na maneno mingi hivi."

"Sasa mama, juu ya nini ulisema ni wako?"

"Mi sikumuona, papa. Munatuma jina. Kama ningejibu sijui, mungemuleta?"

Tusingemleta. Mpiga gitaa alianza kutazama waya wake uliokatika.

"Tuombe," Président akasema kwa sauti ndogo.

"Mule kwanza," mama akasema. "Halafu twende."

"Twende wapi?"

Ndipo akatueleza, huku anapakua ndizi, na sehemu kubwa kabisa akampakulia mtoto. Pale Beni kulikuwa na akina mama kadhaa wa Mabalako wenye jina kama lake, kila mmoja akitafuta msichana wa pili. Walikuwa wamekutana redioni. Kila tangazo likitoka walifika wote, kila mmoja akiwa mwenye hakika, na kila mara walirudi wote. Sasa walikuwa wanajuana kama wanakwaya. Huyu alijua watoto wa wale wote: nani ana pengo, nani ana kovu, nani anaogopa mvua. Tangazo letu alilisikia kwanza yeye kwa sababu wenzake siku ile walikuwa shambani na sokoni. "Nikasema nikienda kuwaita, munaweza kufika munikose," akasema. "Na pia..." Hakumaliza. Akamwongezea mtoto maharagwe.

Tukatembea. Mama mbele, ameshika mkono wa mtoto. Mimi nyuma yao, nikisali Salamu Maria moja baada ya nyingine, maana sala yenye maneno tayari ndiyo inayofaa kichwa kama changu. Président alipendekeza tutangaze mtaani kwa kipaza sauti. Mama akamjibu bila kugeuka, "Weka hiyo kintu, papa. Watatoka wote."

Wa kwanza alikuwa sokoni nyuma ya rundo la sombe, majani ya muhogo. Alimwona mtoto kwa mbali, akasimama, akaweka mkono mdomoni. Tulipokaribia aliuteremsha. "Hapana," akasema. Akamchagulia mtoto ndizi mbivu, nzuri kuliko zote za jirani yake, na jirani hakulalamika.

Wa pili alikuwa katika darasa la shule lililojaa wakimbizi. Alikuja mlangoni, akapiga magoti, akaugeuza uso wa mtoto huku na huku katika mwanga. Alitazama muda mrefu mno. "Haiko wangu," alisema mwishowe, kisha akamwangalia mama wetu, aliyetuongoza: "Mais unipatie huyu huyu."

"Mi pia nilitaka," mama wetu akamjibu. "Simama. Utachafua kitenge."

Tukatoka nje. Mtoto aliniuliza, "Tutarudi pamoja, eh?" Na mimi, niliyekuwa nimeapa, nikasema ndiyo, na nikaona aibu kwa jinsi neno lile lilivyonipendeza mdomoni.

Wa tatu alikuwa anauza kasiksi. Nilijua kabla hatujafika, kwa harufu ya pombe ya ndizi na kelele za askari waliokaa kwenye mabenchi nyuma ya nyumba. Président, ambaye kanisa lake haliruhusu hata kupita karibu, alisimama barabarani kama punda mbele ya daraja. "Pengine tumtume mtu aingie," akasema. Mpiga gitaa, Mprotestanti mwenzake, akasema kwamba Bwana alikwenda kwa wenye dhambi, na akaingia wa kwanza, haraka kidogo kuliko ilivyohitajika.

Mama mmoja mwembamba alikuwa ameinama, akimjazia askari kikombe kutoka kwenye ndoo. Aliinua macho kuona wateja wapya. Kikombe kikaendelea kujaa, kikafurika, kikamwagikia mguu wa askari.

"Mama, inatosha!" askari akapiga kelele.

Mtoto alikuwa ameachia mkono uliomshika. Hakukimbia. Alikwenda mpaka mbele ya ndoo, akasimama, mikono kiunoni, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nilisikia sauti yake ikitetemeka.

"Ulisema nikamate kitenge yako nisiachilie," akasema. "Nilikamata. Sikuachilia. Ni weye ulitoka!"

Mama alikaa chini, pale pale kwenye matope ya kasiksi. "Minajua," akasema. "Minajua, mama yangu. Ilifunguka, watu wakatusukuma. Nilifika Beni na jupon."

"Na jupon?" mtoto akauliza. Jupon ni sketi ya ndani, ya chini ya kitenge.

"Na jupon tu. Barabara yote. Batu bote ba Mangina baliniona."

Mtoto alilitafakari jambo hilo. Kona ya mdomo wake ilianza kucheza, na mwishowe kilichomtoka kilikuwa kicheko na kilio vimefungwa pamoja, akamwangukia mama yake shingoni, nao wakagaragara pale karibu waipindue ndoo. Askari mwenye mguu uliolowa aliiokoa kwa mikono miwili. Wengine walicheka juu ya jupon, kisha wakaacha, na mmoja akavua kofia, sijui kwa nini. Président aliingia mpaka katikati ya uwanja wa pombe bila kujua kwamba ameingia. Alikuwa analia kwa uwazi, na kipaza sauti alikiwasha kwa bahati mbaya, kwa hiyo mtaa mzima ulisikia anavyovuta kamasi.

Baadaye mtoto alianza kutushtaki. Alimweleza mama yake uji, sabuni iliyochoma macho, nyimbo, na kwamba yaya huyu, akaninyooshea kidole, anaongea peke yake usingizini na anaogopa radi kuliko mtoto. Mama yake alinishika mikono yote miwili akasema wasingya, wasingya, asante yetu ile ya nyumbani, mpaka nikakosa pa kutazama. Nilitamani mtoto aniulize kitu kimoja zaidi. Alikuwa na shughuli: alikuwa anampanga askari mmoja ahame kwenye benchi la mama yake.

Mama wetu, yule wa viti vya kuazima, alikuwa amebaki kwenye ua. Mama wa mtoto alimpelekea kikombe cha kasiksi. Walishikana viwiko tu, kama watu wanaojuana sana. Alikunywa yote, akafuta mdomo, akatuita.

"Mutatangaza tena?" aliuliza.

Président akasema ndiyo, hata leo, hata sasa hivi. Akaanza kutamka jina.

"Hapana jina," mama akasema. "Jina ni yetu sote. Musikie vizuri." Akamgeukia Président, kisha akabadili nia akanigeukia mimi, nadhani kwa sababu nilikuwa na uso wa mtu asiyesahau jambo hata akitaka. "Semeni ni mweusi kidogo. Semeni haongei sana, mpaka akuzoee. Anakulaka ndizi na maganda kama hapana mutu anamuona. Na anaogopa kuku. Kuku, si mbuzi. Akiona kuku anapanda juu ya kiti."

Niliyarudia yote moja baada ya jingine, na yeye akitingisha kichwa kila mara. Mweusi kidogo, haongei, maganda, kuku. Nilipofika mwisho alikuwa akitazama barabara inayotoka Mangina, ambako watu walikuwa bado wanakuja na magodoro yao.

"Mais ile ya kuku," akasema, "musiitie nguvu sana. Inawezekana ameshaacha kuogopa."